Mdogo, wa Kahawia

Siku ya tisa ya eda niliomba daftari.
Mwanatumu akaniletea lake la hesabu, la vijumba,
kurasa za mbele zimejaa kugawanya kwa njia ndefu,
akasema, "Bibi, anza hapo nilipochokea mimi."

Nikaandika: Ndege.
Nikapiga mstari chini yake, nikakaa.

Uani kwetu Maweni pana mkilifi mmoja,
mpapai dume usiozaa, kamba ya nguo,
na bomba la kutawadhia linalovuja tangu Lali akiwa hai.
Miaka thelathini na minne nimefagia hapo
na ningeapa ndege wetu ni wa aina mbili tu:
kunguru, na wasio kunguru.

Kunguru sikumwandika. Kunguru hangoji kutambuliwa,
hujitambulisha mwenyewe, ndani ya sufuria.

Kisha: mdogo, wa kahawia.
Kisha tena: mdogo, wa kahawia, mkia umesimama.
Ukurasa wa pili ukawa hivyo hivyo hadi chini,
kama wa mtoto aliyeadhibiwa.

Nilikosea kuanza na rangi.
Jua la saa nne humvika mtu nguo ya kuazima.
Yule wa kwenye maua ya mpapai
asubuhi nilimwandika mweusi,
adhuhuri kijani,
alasiri nikampa zambarau na alama ya kuuliza;
siku tatu nikijua nina ndege watatu.
Na yule wa kijivu aliyemfuata nyuma nikamwita mgeni.

"Ni chozi, wote ni chozi," akasema Kahindi,
mtoto wa jirani, yuko juu ya ukuta anatafuta mpira.
"Na huyo wa kijivu ni mkewe."
Nikacheka, nikaziba mdomo kwa upande wa leso,
maana ukuta una masikio na mimi ni kizuka.

"Usitazame shati, Bibi. Tazama anavyokwenda."

Basi natazama.
Shomoro hatembei, huruka kama aliyefungwa miguu pamoja.
Tetere hutembea akikubali: ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Shore ana kishungi cha mtu aliyeamshwa ghafla,
na chini ya mkia, manjano,
kana kwamba amekalia bizari.

Kuna mmoja sijamwona hata leo, namsikia tu
nyuma ya ukuta, kwenye kichaka cha mwenye kiwanja:
sauti ya maji yakimiminwa kutoka gudulia la shingo nyembamba,
inashuka, inashuka, inakwisha.
Kahindi anasema dudumizi, anasema mvua.
Mvua haikunyesha.
Lakini nilisimama na ufagio mkononi,
kwa sababu sauti hiyo naijua.
Lali alikuwa akiinua kidole katikati ya chakula,
"Sikiza,"
nami nikimjibu, "Kula, wali unapoa."

Nimeiandika, na tarehe. Mahali pa rangi nimeacha wazi.

Jana daftari lilikwenda shule kwa bahati mbaya.
Mwalimu, Mungu amjaze subira, amelisahihisha.
Shore amepata vema. Tetere vema.
Chozi, "hati iboreshwe."
Na kwenye ule ukurasa wa pili, wino mwekundu, umepigiwa mstari:
"Eleza zaidi."

Haya.
Mdogo, wa kahawia. Mkia humsimama akikasirika,
na akifurahi pia, usimwamini mkia.
Juu ya jicho ana mstari mweupe,
kama aliyejipaka chokaa kwa haraka.
Hupenda chini, penye majani niliyokwisha kuyafagia
na ambayo sasa siyafagii.
Hunywa kwenye tone la bomba, moja, husubiri la pili.
Haji na kelele.
Nikiinuka kuchukua miwani, hayupo.
Jina lake sijalijua.
Nimetuma fundi wa bomba aambiwe asije.